Kiwanja cha Bei Nafuu Pembeni ya Babati: Kabla ya Kuhamia, Hesabu Njia

Swali hili linafika katika ofisi za parokia mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mwalimu amepata mkopo wa SACCOS. Muuguzi ameweka akiba miaka sita. Mzee amepokea kiinua mgongo chake, fedha ambayo hataiona tena maishani. Wote wamechoka kulipa kodi ya chumba katikati ya mji wa Babati, na wote wameonyeshwa kiwanja huko pembeni, iwe Maisaka, Nangara, Singe, Sigino au kwenye barabara ya Dodoma kuelekea Bonga. Bei inavutia, na dalali anasema mwezi ujao itapanda. Wanauliza: tuhamie, au tusubiri?

Mseminari anayesoma makala hii asidhani kuwa jambo hili halimhusu kwa kuwa yeye hatajenga. Atakapopangiwa parokia ya mjini, familia zitakuja kumwomba ushauri kuhusu jambo hilihili, na atakuta kwamba nusu ya kazi yake iko huko kwenye nyumba ambazo hazijapigwa lipu.

Ninavyoona mimi, bei ya kiwanja ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuishi pembeni ya mji. Sehemu kubwa hulipwa kidogo kidogo, kila siku, na mara nyingi halipi yule aliyetia saini mkataba. Analipa mama anayetafuta maji, mtoto anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na bibi ambaye akiugua usiku hakuna chombo cha kumfikisha hospitali. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu bei ya ardhi, tuhesabu njia.

Mji unatanuka kwa sababu gani

Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na Babati ikawa makao makuu yake. Mji uliokuwa kituo cha wilaya na soko la wakulima ukapokea ghafla ofisi za mkoa, mahakama, mabenki, hospitali ya rufaa ya mkoa, na pamoja nazo watumishi waliohitaji pa kulala. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 93,108 katika eneo la Halmashauri ya Mji wa Babati. Kwa mkoa mzima, watu waliongezeka kutoka 1,425,131 mwaka huo hadi 1,892,502 katika sensa ya mwaka 2022, ongezeko la karibu theluthi moja katika miaka kumi.

Barabara nazo zimefanya kazi yake. Babati iko kwenye ile njia kuu ya zamani iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na hapo ndipo njia ya kwenda Singida inapochepuka. Aprili 2018 ilizinduliwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, na sherehe yenyewe ilifanyika Bonga. Safari ambayo wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha ikawa ya saa chache. Pale lami inapopita, bei ya shamba la jirani haibaki ilivyokuwa.

Lakini mji huu hauwezi kutanuka popote unapotaka. Upande mmoja una Ziwa Babati, upande mwingine Mlima Kwaraa. Basi unakimbia kufuata barabara, na unakimbilia juu ya mashamba ya mahindi na mbaazi. Wengi wanakumbuka mwaka 2017, India ilipowekea kikomo mbaazi zinazoingia nchini mwake, na wakulima wetu wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Mkulima aliyeumizwa na bei ya zao halaumiwi anapoona kwamba ekari moja ikikatwa viwanja inampa fedha kuliko misimu kadhaa ya kulima. Ila tusisahau kwamba kiwanja cha mmoja kilikuwa chakula cha mwingine.

Hesabu ya kila siku

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Mume anafanya kazi ofisini mjini, mke ana meza sokoni. Wanapanga chumba na sebule kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Wamejenga pembeni na kuhamia. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Mume anasafiri siku 22 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 66,000. Mke anafungua meza siku 26, hiyo ni shilingi 78,000. Jumla shilingi 144,000, na bado hatujamhesabu mtoto wa sekondari, wala safari ya Jumapili, wala siku mvua inapoharibu njia na dereva akataka mara mbili.

Msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Nauli hubadilika na umbali hutofautiana. Jambo ni kwamba familia hii ilifurahi kuondokana na kodi ya 80,000 na sasa inalipa njia karibu mara mbili ya hiyo. Kodi ya nyumba ilikuwa inaumiza kwa sababu hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Nauli haiumizi hivyo, inachomoka mfukoni kwa mia tano tano, na mwisho wa mwezi watu wanashangaa fedha imekwenda wapi.

Wapo watakaosema, tutanunua pikipiki yetu. Ni sawa, na kwa wengi ndiyo njia nzuri. Lakini pikipiki ni mafuta, matairi, bima, na mtu mmoja tu kati ya wawili ndiye anayeishika asubuhi. Mara nyingi ni baba. Mama anabaki na bodaboda au na miguu. Kilomita tano kwa miguu ni zaidi ya saa nzima kwa mtu mzima asiye na mzigo. Akiwa na ndoo ya nyanya kichwani na mtoto mgongoni, sisemi ni muda gani.

Tuna mfano wa wazi nchini mwetu wa nini hutokea umbali unaposahauliwa. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40 na kuharibu nyumba nyingi za bonde la Msimbazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mahali pa juu pasipofikiwa na maji ya bonde lile. Nia ilikuwa njema na ardhi ilikuwa salama. Lakini riziki yao ilikuwa Kariakoo na mitaa ya jirani, na nauli ya kila siku ilikula kile kidogo walichopata. Baadhi waliuza viwanja na kurudi bondeni. Mtu anayerudi mahali palipomzamisha si mjinga, amepiga hesabu akaona kwamba njaa inafika haraka kuliko mafuriko.

Hapa kwetu umbali si wa Dar es Salaam, na hilo ni jema. Lakini kipato nacho si cha Dar es Salaam.

Upande wa pili wa hesabu upo pia, na haki utajwe. Familia yenye eneo pana pembeni inaweza kufuga kuku na ng'ombe wawili wa maziwa, ikalima mboga, ikapanda mparachichi ambao baada ya miaka unasomesha mtoto. Katika chumba cha kupanga hakuna hayo. Kwa mzee aliyestaafu, ambaye hana tena ofisi ya kwenda, pembeni ni mahali pazuri sana mradi zahanati isiwe mbali. Kwa mwalimu ambaye shule yake iko kata hiyohiyo, swali karibu limejibiwa, maana kwake mji ndio uko mbali. Mwenye shida ni yule ambaye kila kitu chake, yaani kazi, soko, shule na hospitali, kiko katikati ya mji, naye anakwenda kujenga mbali kwa sababu tu kiwanja kimepatikana.

Maji yanayokuja na maji yasiyokuja

Ziwa Babati ni zuri kulitazama, lakini halina kina kirefu na hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua. Mwaka 1990 lilifurika na maji yakaingia mjini. Wazee wanaweza kumwonyesha mnunuzi yalipofika, na hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko kumuuliza mzee wa mtaa. Kijana anayeuza kiwanja leo huenda hakuwa amezaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayejenga humo anaweza kuvunjiwa bila fidia. Na kabla ya sheria kufika, kuna wenyeji wa ziwa: viboko hutoka majini usiku kutafuta majani, nao hawaulizi nani ana hati.

Upande wa mlimani napo si salama kwa kuwa tu ni juu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Katesh iko mkoani mwetu, na wengi wetu tulizika ndugu au ndugu wa majirani. Sisemi kwamba Kwaraa itafanya hivyo. Nasema kwamba korongo kavu ni njia ya maji, hata kama miaka kumi limekuwa njia ya mbuzi. Anayenunua kiwanja Agosti anaona vumbi. Arudi Aprili, aone maji yanapita wapi, na bodaboda inaishia wapi.

Halafu kuna maji ya kunywa. Mamlaka ya Maji Babati, BAWASA, inahudumia mji na inaendelea kupanua mtandao wake, lakini bomba halitembei kwa kasi ya madalali. Kabla ya kununua, nenda ofisini kwao ukaulize bomba la karibu liko wapi, na kama eneo lenyewe limo katika mpango. Jibu la muuzaji kwamba "maji yanakuja" linaweza kuwa kweli kwa miaka mingi bila maji kufika.

Wengi huamua kuchimba kisima. Hapo kuna jambo ambalo watu wa ukanda huu wa Bonde la Ufa tunalijua kwa macho, kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu: floraidi. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi ya Arusha na Manyara yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa muda mrefu haiishii kwenye meno, inapinda na mifupa. Haionekani wala haina ladha ya kukuonya, na kuchemsha hakuiondoi. Kisima cha jirani kikiwa salama si hakikisho kwamba chako kitakuwa salama. Peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kumnywesha mtoto, tena ikiwezekana omba kuona majibu ya visima vya mtaa huo kabla ya kulipia kiwanja.

Umeme una hesabu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, pasipohitaji nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, wakati vijijini ilibaki shilingi 27,000. Nguzo zikihitajika, bei ya mjini inapanda. Sasa baadhi ya kata za pembeni ya Babati bado zina vijiji ndani ya halmashauri ya mji. Ulizia TANESCO eneo lako limewekwa kundi gani, maana tofauti hiyo ni mabati kadhaa ya paa lako.

Karatasi

Hapa ndipo akiba ya watu inapopotea, nami nitakaa kidogo.

Mihuri ya mtaa haifanyi kiwanja kuwa chako mbele ya kila mtu. Barua ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti inashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani, basi. Haioneshi kama eneo limepimwa, kama limetengwa kwa ajili ya shule au makaburi, wala kama muuzaji ameuza kwa mwingine wiki iliyopita. Anayeweza kukuambia hayo ni ofisi ya ardhi ya halmashauri. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu, omba kuona mchoro wa mipango miji, uliza kinachoruhusiwa kujengwa hapo. Kiwanja kilichopimwa ni ghali zaidi, ndiyo, lakini ndicho kinachoweza kukupa hati ya miaka 33, 66 au 99, na ndicho benki inachokiangalia. Kisichopimwa kinaweza kurasimishwa baadaye, lakini katika urasimishaji barabara hupita mahali fulani, na mahali hapo huwa ni kwenye kiwanja cha mtu.

Ardhi ikiwa bado ni ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na mtu wa nje hapati ardhi ya kijiji kwa kupatana na mwenyekiti mezani. Ugawaji hupitia halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unahusika. Ukisikia "sisi hapa hatufanyi mambo mengi hivyo", ondoka.

Kiwanja cha kando ya lami kinavutia kuliko vyote, na kina hatari yake. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya 22.5 za awali. Waliojenga Kimara, kwenye Barabara ya Morogoro, wanajua maana yake. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa ili kupanua barabara hadi Kibaha. Wengi wao walikuwa wameishi pale miaka mingi, na walikuwa wakilipa kodi na umeme kama watu wengine. Hifadhi ya pale ilikuwa pana zaidi kuliko ya kwetu, lakini somo ni lilelile. Chukua futi kamba, pima.

Na jambo la mwisho katika karatasi, ambalo sisi wa parokia tunaliona zaidi kuliko maofisa: ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukimkuta mume anauza peke yake, haraka haraka, na mke hajaonekana, usijipongeze kwa bei uliyopata. Omba kumwona mama. Vilevile shamba la urithi lina ndugu, na ndugu aliye Mererani au Dar es Salaam ana haki ileile ya aliyebaki. Kuna familia zimeacha kusalimiana kanisani kwa ajili ya kipande cha hatua 20 kwa 20.

Nyumbani kwako pia, mkataba uwe na majina ya wote wawili. Akina baba hukwepa hili kwa kusema ni jambo dogo. Kama ni dogo, liandikwe.

Majirani ambao bado hawajafika

Mtaa mpya una upweke ambao hauonekani siku ya kuoneshwa kiwanja. Nyumba tatu zimekamilika, saba ziko kwenye linta, na kati yake ni mahindi. Usiku hakuna taa. Mume akiwa kazini Dodoma au safarini, mama na watoto wanalala wakisikiliza kila kishindo. Mwizi wa mbuzi anaujua mtaa huo vizuri.

Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA walizifanya kipaumbele miaka ya 1970, zilikusudiwa watu wanaofahamiana kwa sura na kufikiana kwa miguu. Huko pembeni mara nyingi muumini anaendelea kuandikishwa jumuiya yake ya zamani mjini, hahudhurii kwa sababu ya umbali, na ya mpya haipo. Akifiwa hajulikani ni nani amletee maji na kuni. Kwa hiyo familia inayofikiri kuhamia iulize: nani wengine wako hapo, na wanakutana wapi? Si lazima wawe Wakatoliki. Mwenyekiti wa mtaa anayejua majina ya watu wake, kikundi cha kuzikana, na mwenye duka anayefungua hadi saa tatu usiku ni usalama kuliko ukuta wa tofali sita. Na paroko anayeona kadi za zaka zikipungua katikati ya mji asikimbilie kudhani imani imepungua. Achukue pikipiki, afuate barabara mpya, ahesabu mabati.

Kwa familia ambayo bado haijaamua, kuna njia moja ambayo watu huiona ni kupoteza fedha, nami naiona ni nafuu: pangeni kwanza katika mtaa huohuo mnaotaka kujenga. Mwaka mmoja unatosha, mradi uingize miezi ya mvua kuanzia Novemba hadi Mei. Vyumba vya kupanga vipo siku hizi hata huko pembeni, tena kwa kodi ya chini kuliko mjini. Andikeni kwenye daftari nauli ya kila siku, siku ambazo bomba lilitoa maji, saa ambayo mtoto alifika shuleni, na usiku ambao mlihitaji chombo mkakosa. Mke aandike na mume aandike, kila mtu daftari lake. Mwisho wa mwaka kaeni mezani, linganisheni.